Vidonda vya tumbo: Kwa nini damu yasema ungali mgonjwa

Jumamosi moja saa kumi za jioni, mama mmoja jirani yangu alipiga hodi akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi tatu za maabara. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka juzi, ya pili ya mwaka jana, na ya tatu haikuwa imemaliza juma moja tangu iandikwe. Zote zilisema jambo lile lile: kwamba damu yake imeonyesha dalili za kiini kinacholeta vidonda vya tumbo. Baina ya karatasi ya kwanza na ya pili alikuwa amemeza dawa akazimaliza. Baina ya pili na ya tatu akameza tena, akamaliza. Sasa muuza dawa alikuwa amemwambia kwamba iko dozi nyingine kali zaidi, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya karo ya kitindamimba wake.

"Ndugu yangu," akaniuliza akiketi, "hiki changu ni kiini cha chuma?"

Msomaji mpendwa, huenda nawe unayo bahasha kama hiyo kabatini. Kama huna, huenda mamako anayo, au shemeji, au yule mwenzako wa kazini ambaye kila saa nne hutoa chupa ya dawa nyeupe akapiga funda moja. Ndiyo sababu leo nataka tuingie tumboni tuone vita vinavyopiganwa humo. Bila kuvijua vita hivyo, karatasi ile ya maabara ni rahisi sana kuisoma vibaya.

Kiini chenyewe ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye wengi humwita kwa kifupi H. pylori. Amejipinda mfano wa kizibuo cha chupa na ana mikia kadhaa ya kuogelea. Makao yake ni tumboni, mahali ambapo palitengenezwa pasikalike. Tindikali ya tumbo ni kali kiasi cha kuua karibu kila kijidudu tunachokimeza na chakula. Huyu lakini amekuja na maarifa yake. Huichukua yurea, ambayo mkulima anaijua kama mbolea ya shambani na ambayo mwili pia huitengeneza, akaivunja na kutoa amonia, ile hewa inayokuchoma pua ukifungua banda la kuku lisilofagiliwa. Amonia huizima tindikali iliyo karibu naye. Basi akiwa amejifunika blanketi hilo, huogelea hadi ndani ya ute mzito unaoufunika ukuta wa tumbo, na hapo hutulia.

Hutulia kwa muda gani? Bila matibabu, kwa kawaida ni maisha yote. Wengi wetu tulimpata tukiwa watoto, humu humu nyumbani, kupitia mate, matapishi au uchafu wa choo ulioingia kwenye maji na mikono. Kumtafunia mtoto chakula ni njia mojawapo inayoshukiwa. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka wa 2017 ulikadiria kwamba barani Afrika watu kama 70 katika kila 100 wanaye. Kwa hivyo ukiambiwa unaye, usione kana kwamba umelaaniwa. Wengi katika matatu uliyopanda jana wanaye, na wengi wao hawatapata vidonda kamwe. Wanaopata vidonda hukadiriwa kuwa 10 hadi 15 katika kila 100 walio naye, na wanaofikia saratani ya tumbo ni wachache zaidi, 1 hadi 3 katika 100.

Zamani hakuna aliyesadiki habari hizi. Vidonda vya tumbo vilisingiziwa pilipili, mawazo mengi na tabia ya kuruka mlo, na mgonjwa aliambiwa anywe maziwa apunguze hasira. Kisha huko Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakawa wanaona vijidudu vilivyojipinda katika vipande vya nyama vilivyotolewa tumboni mwa wagonjwa. Walijaribu kuvikuza maabarani vikakataa. Mwaka wa 1982, wakati wa sikukuu ya Pasaka, vile visahani vya kuoteshea viliachwa siku tano badala ya mbili za kawaida, na walipovirudia wakakuta bakteria wameota. Kumbe walikuwa wanataka subira tu! Mwaka wa 1984 Marshall alichoka kubishana na wakubwa wake. Akahakikisha kwanza tumbo lake ni zima, akakoroga bakteria wale, akawanywa. Siku chache baadaye alianza kutapika na kunuka mdomo, na alipomulikwa tumbo ukuta ulikuwa umevimba. Hakupata kidonda chenyewe, na ni haki tuseme hivyo, lakini alionyesha kwamba bakteria huyu anaweza kuliugua tumbo lililokuwa zima. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuje kwenye vita vyenyewe.

Njia ya chakula, tangu kinywani hadi chini, ndiyo yenye askari wengi zaidi katika mwili mzima. Na si ajabu, kwa sababu hakuna lango jingine linalopitisha wageni wengi kama hilo. Katika ukuta wa utumbo mwembamba mna viota vidogo vya chembe nyeupe, ambavyo daktari wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, alivieleza tangu mwaka wa 1677. Kazi ya viota hivi ni kuonja kila kipitacho. Askari wa tumboni wana kazi ngumu kuliko wale wa ngozini. Wakimkamata kila mgeni, mwili utapigana na ugali, maziwa na mamilioni ya bakteria wema wanaoishi utumboni. Wakimwachilia kila mgeni, kipindupindu kitaingia bila kuulizwa. Kwa hiyo wamefunzwa uvumilivu kuliko ukali, na H. pylori anaufahamu uvumilivu huo vizuri kuliko mwizi anavyozifahamu saa za kulala za mlinzi.

Usidhani mwili haumwoni. Humwona mapema. Chembe za ukuta wa tumbo zikiguswa naye hupiga king'ora cha kemikali, na chembe nyeupe za kutangulia hutoka katika damu zikamiminika pale. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba mabaki ya bakteria hawa yakishuka utumboni hunaswa na vile viota vya Peyer, na huko ndiko askari wa kudumu wanakofunzwa sura ya adui kabla ya kupanda kwenda tumboni. Nyuma yao hutengenezwa kingamwili, yaani zile protini zinazomshika adui aliyekwisha kutambuliwa. Nyingine humwagwa kwenye ute wa tumbo na nyingine huzunguka katika damu. Mtu aliye na H. pylori huwa amejaa kingamwili dhidi yake. Jeshi lipo, silaha zipo, adui anajulikana kwa sura, na bado miaka 40 inapita hajaondoka. Kwa nini?

Kwanza, amejificha ndani ya ute, mbele ya ukuta, wakati askari wengi wako nyuma ya ukuta. Ni kama polisi waliojaa sebuleni ilhali mwizi yuko juu ya paa. Pili, amejivika nguo za mwenyeji: amejipaka sukari zinazofanana na zile zilizo kwenye chembe zetu wenyewe, hivi kwamba baadhi ya walinzi humwona kama mtu wa nyumbani. Hata mikia yake imeundwa kwa namna ambayo kifaa cha mwili kinachogundua mikia ya bakteria wengine hakiishtukii. Tatu, hutoa sumu inayowazuia askari wa kudumu wasizaane. Na la nne ndilo linalonistaajabisha zaidi. Huwachochea wale askari ambao kazi yao ni kutuliza ghasia, wale wanaowaambia wenzao "yatosha, wekeni silaha chini." Askari hao tunawahitaji, kwani bila wao mwili ungejiraru wenyewe. Lakini hapa wanamlinda mgeni bila kujua. Watoto wana wengi wa aina hiyo, na inadhaniwa ndiyo sababu tumbo la mtoto aliye na H. pylori kwa kawaida huvimba kidogo kuliko la mtu mzima.

Basi vita haviishi. Havina mshindi, na vinapiganiwa uwanja ule ule kila siku. Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike, kwa maana ndilo watu wasiloambiwa zahanati: sehemu kubwa ya madhara hutokana na risasi za askari wetu wenyewe. Chembe nyeupe zinapomshambulia adui asiyefikika humwaga kemikali kali, na kemikali hizo huunguza ukuta wa tumbo. Mwaka baada ya mwaka ukuta huwa mwekundu, ukavimba, na kwa baadhi ya watu ukachakaa na kuwa mwembamba. Kwa wengine uvimbe huo huvuruga mizani ya tindikali ikatoka kwa wingi kupita kiasi, ikamwagikia sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ambayo haikuumbwa kuistahimili. Sehemu hiyo nayo hujitahidi kujigeuza ifanane na tumbo ili ijikinge, na ikishageuka bakteria hushuka wakahamia huko pia. Vidonda vingi tunavyoviita vya tumbo kwa hakika viko hapo, utumboni. Ukuta wa tumbo ukichakaa, mwili pia hushindwa kunyonya madini ya chuma vizuri, na pengine mama anayemezeshwa tembe za damu mwaka hadi mwaka bila nafuu anahitaji kuangaliwa upande huu.

Ushahidi wa jinsi vita hivi vinavyoweza kupotoka ulitolewa mwaka wa 1993. Tumbo zima kwa kawaida halina kambi za chembe nyeupe kama zile za utumboni. Vita vya H. pylori vikidumu, kambi hujengwa, na mara chache sana askari mmoja katika kambi hiyo huasi akaanza kuzaana ovyo. Hiyo ni saratani iitwayo limfoma. Madaktari wa London waliwatibu wagonjwa 6 wa limfoma ya aina hiyo, si kwa upasuaji wala kwa dawa za saratani, bali kwa antibiotiki za kumwua H. pylori. Kwa 5 kati yao saratani ilinywea. Adui alipoondolewa, hata askari walioasi walikosa cha kuwachochea. Sharti niseme kwamba hili ni kwa limfoma ya mapema ya aina hiyo tu. Mtu asidanganywe kwamba kila saratani ya tumbo huponywa kwa antibiotiki.

Kuna kitendawili kinachotuhusu sisi Waafrika. Ikiwa bakteria huyu amejaa kwetu kuliko kwingineko, mbona saratani ya tumbo haikuripotiwa kwa kiwango cha kulingana? Wengine husema ni hesabu mbovu tu, kwa kuwa wagonjwa wetu wengi hawafiki hospitali ya kumulikwa. Wengine husema ni minyoo. Mwaka wa 2000 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambamo panya waliopewa minyoo pamoja na bakteria wa jamii ya H. pylori walidhurika tumbo kidogo kuliko wale waliopewa bakteria peke yake. Yaonekana minyoo hugeuza mwelekeo wa jeshi, ukali ukapungua. Tafadhali, msomaji, usiache kuwapa watoto dawa ya minyoo kwa sababu ya panya wa Marekani! Minyoo ina madhara yake, nayo si haba.

Kuhusu watoto, jambo la kumfurahisha mama anayenyonyesha ni lile lililochapishwa mwaka wa 1993 kutoka Gambia: watoto wachanga ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya H. pylori walichelewa kuambukizwa kuliko wenzao. Chanjo nayo imekuwa ikitafutwa kwa miaka mingi. Huko China ilijaribiwa moja ya kunywa kwa watoto zaidi ya 4,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalikuwa ya kutia moyo, ikikinga watoto kama 7 katika 10 mwaka wa kwanza. Lakini adui anayejua kuishi katikati ya jeshi zima si rahisi kupatiwa chanjo.

Sasa turudi kwa jirani yangu na bahasha yake.

Karatasi zake zote tatu zilikuwa za kipimo cha damu, kile cha kudungwa kidole ukasubiri dakika chache. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria. Bakteria hayumo katika damu, yumo tumboni. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani askari waliofunzwa kumpiga. Na askari hawa adui akishauawa hawavunji kambi siku hiyo hiyo. Hubaki wakipiga doria kwa miezi, na kwa watu wengi kwa miaka. Kwa hiyo mtu aliyepona kabisa anaweza kupimwa damu mwaka unaofuata na karatasi ikaandika vile vile kwamba anacho. Karatasi haidanganyi: inasema kwamba vita viliwahi kupiganwa. Haisemi kama vingali vinapiganwa.

Kwa anayetaka kujua kama bakteria yumo tumboni leo, vipimo ni vingine. Kimoja ni cha choo, ambacho hutafuta chembe za bakteria mwenyewe. Kingine ni cha pumzi: unakunywa yurea iliyotiwa alama, kisha unapuliza mfukoni, na kama bakteria yumo ataivunja yurea hiyo na alama itatokea katika pumzi yako. Cha tatu ni kumulikwa tumbo kwa mpira wenye kamera na kukatwa vipande vidogo vya nyama vya kupimwa. Hiki ni ghali, na mara nyingi daktari hukiagiza akiona dalili za hatari. Ama hicho cha choo, kinapatikana katika maabara nyingi za mijini. Ila kina masharti yake. Subiri majuma 4 kamili baada ya kumaliza antibiotiki, na uwe umepumzika angalau majuma 2 bila omeprazoli na dawa za jamii yake, kwa sababu dawa hizo huwapunguza bakteria kwa muda na kipimo kikatoa jibu la uongo kwamba hawapo. Mwulize daktari wako kabla ya kuziacha, hasa kama umewahi kutokwa na damu.

Nisieleweke kwamba dawa hazifai. Zinafaa sana, nazo humwondoa adui ambaye jeshi letu limeshindwa kumwondoa. Matibabu ya kawaida huchanganya dawa ya kupunguza tindikali na antibiotiki mbili au zaidi, na wataalamu wengi siku hizi hupendelea siku 14. Mtu anayeacha siku ya sita kwa sababu kichefuchefu kimemzidi anawaachia uwanja wale bakteria sugu. Na hapa ndipo penye hatari ya kumeza dozi baada ya dozi kwa sababu ya karatasi ya damu. Ukimeza antibiotiki kumwua adui asiyekuwepo, hufi njaa tu kwa gharama, bali pia unawafunza bakteria wengine walio tumboni mwako kuzishinda dawa hizo. Siku mtoto wako atakapoumwa kweli, dawa ile ile huenda isimfae.

Zipo dalili zisizongoja kipimo cha aina yoyote. Choo cheusi chenye kunata kama lami, kutapika damu au kitu kama masimbi ya kahawa, kukonda bila sababu, chakula kukwama wakati wa kumeza: ukiona mojawapo nenda hospitali siku hiyo, wala usipitie dukani kwa muuza dawa.

Jirani yangu hakuwa na hata moja ya hizo. Alikuwa na maumivu tu, yale ya kuchoma chini ya chembe ya moyo, ambayo hayakumwisha licha ya dozi mbili. Nilimwomba aende kwa daktari wa hospitali, amweleze dawa zote alizomeza, na aulizie kipimo cha choo. Alinitazama kama mtu aliyeombwa jambo la aibu. Hata hivyo alikwenda.

Juma la pili alirudi. Kipimo cha choo hakikuonyesha bakteria. Dozi yake ya kwanza, au ya pili, ilikuwa imemmaliza, na karatasi za damu zilikuwa zikimpigia kelele za vita vilivyokwisha. Lakini daktari hakuishia hapo. Alimuuliza ni dawa gani nyingine anazomeza nyumbani, na mama akakumbuka zile tembe za magoti anazonunua kwa mbili mbili kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, miaka mitatu sasa, mara nyingi kabla ya kutia kitu kinywani. Tembe za aina hiyo, kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ni sababu nyingine kubwa ya vidonda vya tumbo, na hazihitaji bakteria yeyote wa kuzisaidia. Hakuwa amewahi kuzitaja kwa muuza dawa kwa sababu, kama alivyoniambia, "si hizo ni za magoti?"

Siku hizi magoti anayakanda kwa maji ya moto jioni, na kwa maumivu hutumia dawa nyingine aliyoandikiwa. Ile ya tumbo inaendelea kupoa polepole. Bahasha ya kaki bado anayo, ila sasa anawekea risiti za karo.